Kuchukua Mbwa au Paka wa Kituo, Arusha na Moshi: Maswali Yanayorudi Kila Wiki

Maswali haya tunaulizwa getini kwenye kituo cha kuokoa mbwa na paka, kwenye simu, na mara nyingine ndani ya daladala ya Usa River mtu akiona nimepakata kikapu kinacholia. Mimi hulea mbwa na paka nyumbani kwangu kwa muda, mpaka wapate wenyewe. Kwa hiyo majibu ni ya mtu anayeosha mabanda. Penye jambo la daktari, nenda kwa daktari.

## Kabla hujaja

Kuasili mnyama ni nini? Si kuchukua mbwa tu?

Ni kuchukua, ila kwa makubaliano. Mbwa wa jirani unapewa mkononi akiwa na wiki tano na viroboto tele, na ukishaondoka naye hakuna anayekuuliza tena. Wa kituo anatoka ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na mara nyingi ameshafungwa uzazi. Unasaini karatasi kwamba hutamuuza, hutamgawa kimyakimya, na ukishindwa utamrudisha.

Neno "kuasili" huwachekesha wengi kwa kuwa tumezoea kulisikia kwa watoto wa binadamu. Ukipenda sema umemchukua, karatasi ni ileile.

Vituo viko wapi?

Ni vichache mno ukilinganisha na mbwa waliopo mitaani. Kinachojulikana zaidi ukanda huu ni Mbwa wa Africa, upande wa Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Nje ya hapo kuna watu binafsi wanaolea wachache majumbani, na anayewajua wote kwa kawaida ni daktari wa mifugo wa eneo lako, kwa sababu wote huchanjia kwake. Muulize.

Piga simu kabla ya kwenda. Na kama una mbwa unayetaka kumtoa, usije usiku ukamfunga getini na kuondoka. Tunawakuta asubuhi wamejinyonga nusu kwa kamba, na hatujui wamechanjwa au la, wana umri gani, wala kama wanang'ata.

Mbona mnataka kuja kuona nyumba? Ni mbwa tu!

Hatuangalii sofa. Tunaangalia fensi, kwa kuwa nusu ya nyumba za Arusha zimezungushiwa michongoma, na michongoma inayoonekana imeshikana ukiwa umesimama ina matundu chini ambayo mbwa atayaona siku ya kwanza. Tunaangalia kama geti linafungika, kama kuna kivuli cha saa nane mchana, na nani hushinda nyumbani.

Pia tunapenda kuongea na atakayemlisha. Baba anakuja na shauku zote, kumbe chakula kitapikwa na dada wa kazi ambaye anaogopa mbwa tangu utotoni na hakuna aliyemuuliza. Huyo mbwa atarudi kabla ya mwezi kwisha.

Ni bure?

Utaombwa mchango, ambao haufikii gharama ya chanjo na upasuaji alivyokwisha kufanyiwa. Watu huhesabu huo mchango na kusahau vinavyofuata: chakula kila siku, dawa ya kupe kila mwezi, chanjo kila mwaka, na siku moja ya bahati mbaya ambayo itataka daktari saa tano usiku. Hiyo ya mwisho ndiyo iwekee akiba.

Nimepanga. Naweza kupewa?

Ukiwa na ruhusa ya mwenye nyumba, tena ya maandishi, kwa sababu ya mdomo husahaulika siku mbwa anapochimba bustani. Kama ni vyumba vyenye uwanja mmoja, zungumza na wapangaji wote. Mmoja asiyetaka anatosha kumfanya mnyama aishi kwa mateke. Kwa chumba na sebule Sakina au Majengo, kusema kweli, chukua paka.

## Kumchagua

Nataka shepadi. Kuna kikundi kinachookoa mbwa wa mbegu maalum?

Uingereza na Marekani vipo: wapenzi wa aina moja ya mbwa, tuseme German Shepherd au Labrador, hukusanya wale waliotelekezwa, huwalea majumbani, kisha huwatafutia watu wanaoijua aina hiyo. Hapa Arusha na Moshi sijakutana na kikundi cha namna hiyo. Mbwa wa mbegu hutufikia kwa njia mbili. Mgeni anamaliza mkataba na kuondoka, au mtu alinunua kitoto kizuri na baada ya mwaka chakula kimemshinda. Andikisha jina, subiri, na ujue unaweza kusubiri sana.

Wakati unasubiri, jiulize kama unamtaka mbwa au picha yake. Shepadi ana manyoya mazito, humwaga kila mahali, huugua nyonga, na akikosa kazi ya kufanya hutafuta ya kwake, kama kutafuna viti. Boerboel, yule mkubwa mwenye asili ya Afrika Kusini, anaweza kufika kilo 70 na zaidi, na hizo kilo hazitokani na hewa.

Mbwa wa kienyeji watu humwona kama makombo ya mbegu nyingine zilizochanganyika. Sivyo. Mbwa wa vijiji vya Afrika wana ukoo wao wa kale, na wengi hawana damu ya mbwa wa Ulaya hata kidogo. Manyoya mafupi, mwili mwepesi, masikio yanayosikia bodaboda kabla haijakata kona. Ningekuwa nachagua leo, ningechagua jike wa kienyeji wa miaka miwili, na nitaeleza kwa nini katika majibu yanayofuata.

Dume au jike?

Kila mtu anataka dume. Majike wetu hukaa kituoni muda mrefu zaidi bila kosa lolote, kwa sababu watu wanaogopa vitoto na msururu wa madume getini. Hofu hiyo ina msingi kwa jike asiyefungwa uzazi: anaweza kupata joto, yaani kuanza kutaka dume, akiwa na miezi sita tu, na mimba ni kama siku 63. Akishafungwa uzazi hakuna joto, hakuna msururu, na hawezi tena kupata usaha wa kizazi ambao huwaua majike wengi wa makamo.

Dume asiyehasiwa naye ana balaa zake. Akinusa jike aliye kwenye joto upande wa pili wa mto ataruka ukuta. Huko atapigana, atagongwa, au atarudi na ule uvimbe wa sehemu za siri unaochuruzika damu, ambao mbwa huambukizana kwa kupandana. Unatibika kwa sindano za kila wiki kwa wiki kadhaa, ila si matibabu ya kuyakimbilia.

Na hapana, kuhasi hakumwondolei mbwa ulinzi. Mbwa hulinda nyumbani kwao, na hilo halihusiani na kutafuta jike.

Mtoto au mkubwa?

Mkubwa, isipokuwa kuna mtu nyumbani mchana. Kitoto kinataka kula mara tatu au nne kwa siku, kinatafuna viatu, kinakojoa ndani, na hujui kitakuwa na ukubwa gani. Mkubwa unamwona alivyo. Imani kwamba mkubwa hazoei mwenyeji mpya ni ya kusikia tu. Nimelea zaidi ya mmoja aliyelala mlangoni kwangu wiki ya pili kana kwamba amezaliwa hapo.

Ukichukua kitoto, kisiwe chini ya wiki nane. Wiki hizo anakaa na mama na ndugu zake, na ndipo anapojifunza kutong'ata kwa nguvu.

Atalinda?

Hili ndilo swali la kwanza kwa watu tisa kati ya kumi, mara nyingi kabla ya salamu kwisha. Jibu: mbwa karibu wote hulinda mahali wanapopaona ni pao. Swali lenyewe linapaswa kuwa hili: utafanya nini ili apaone ni pake?

Utaratibu wa mtaani ni kumfungia mbwa kwenye banda la mbao toka alfajiri mpaka usiku, asimwone mtu, "awe mkali". Kinachotoka humo usiku ni mnyama mwenye hofu. Anabwekea upepo, majani, mwenye nyumba mwenyewe, mpaka majirani wanaacha kusikiliza. Siku mwizi akija na kipande cha nyama, mbwa huyu mwenye njaa anakula. Siku mtoto wa shangazi akija likizo, anamng'ata mtoto. Ukali na ulinzi ni vitu viwili.

Mbwa anayekaa na watu mchana anajua mama wa maziwa ni nani, fundi ni nani, na nani hajawahi kupita hapo. Akibweka, unatoka kuangalia kwa sababu unajua ana sababu. Hiyo ndiyo kazi unayoitaka.

Mnyororo wa kudumu hatuukubali, na tukiukuta tukija kutembelea tunamchukua mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, wa kufugwa nyumbani wakiwemo. Kumfunga nusu saa wageni wakiingia ni jambo jingine.

Sisi ni Waislamu. Tunaweza kuchukua mbwa?

Familia za Kiislamu huja kwetu, Moshi na Arusha. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi huku, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda kunaruhusiwa. Undani muulize sheikh wako. Sisi tunachohitaji kujua ni kama atakuwa na banda nje lisilovuja, vyombo vyake peke yake, na mtu atakayemshika akiumwa.

Paka hana mjadala huo. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi, jina lake maana yake ni "baba wa kipaka".

## Akishafika nyumbani

Siku ya kwanza nifanye nini?

Kidogo sana. Usiwaite majirani waje kumwona. Mwonyeshe maji, mahali pa kulala, mahali pa haja, kisha mwache. Wengine hawali siku mbili. Wengi hutulia kidogo baada ya siku tatu, hujua ratiba ya nyumba baada ya wiki tatu, na huwa wenyewe hasa baada ya miezi mitatu. Ukimhukumu wiki ya kwanza unamhukumu mgeni.

Usimwache fensini peke yake siku za mwanzo, hata kama umeziba yale matundu ya michongoma.

Chanjo zipi, na lini?

Kichaa cha mbwa: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka au kama daktari atakavyoandika kwenye kadi. Fuatilia matangazo ya mtaa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwani chanjo hutolewa bure au kwa bei ndogo. Paka naye achanjwe.

Ya pili ni ile ya mchanganyiko, ya kukinga parvo na distempa, magonjwa ya virusi. Huanza wiki ya sita mpaka ya nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka kitoto kifikishe wiki 16. Hapa ndipo watu hukatisha. Nilikatisha mimi pia, na mbwa wangu wa kwanza kabisa: alipigwa sindano moja, nikamwona mzima, nikaenda naye soko la Tengeru Jumamosi nikijivuna. Alianza kutapika baada ya siku chache, kisha kuhara damu, na siku ya nne nikamzika chini ya mparachichi. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kitoto kisikanyage ardhi ya nje kabla ya kumaliza sindano.

Distempa nayo si ugonjwa wa vitoto pekee. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu 1,000, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuwa chanzo.

Ana kupe wengi. Nimwogeshe na dawa ya ng'ombe?

Usikisie kipimo. Dawa ya josho ikizidi inamsumisha mbwa, na atairamba mwilini. Nunua ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo, umweleze muuzaji uzito wake.

Kupe wenyewe si uchafu tu, huleta homa. Mbwa akikataa chakula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, au damu ikatoka puani, ni daktari siku hiyohiyo. Kesho inaweza kuwa mbali.

Dawa yoyote yenye permethrini inaua paka. Kama una wote wawili, soma karatasi kabla ya kumpaka mbwa.

Ale nini?

Ugali wa dona na dagaa, utumbo uliochemshwa, vichwa vya kuku vilivyosagwa, wali uliobaki, boga. Protini iwepo kweli. Ugali mtupu na maji ya nyama unajaza tumbo tu. Usinunue yale mahindi yaliyooza yanayouzwa kwa bei ya kutupa kama "ya mbwa", kwani sumukuvu huharibu ini la mbwa kama linavyoharibiwa la mtu. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Vitunguu, chokoleti na zabibu vibaki mezani, na machicha ya mbege yaende kwa nguruwe.

Na paka?

Mfungie ndani wiki tatu, la sivyo atarudi alikotoka au atapotelea njiani. Mlishe, paka mwenye njaa hakamati panya vizuri, anaiba dagaa. Mfunge uzazi mapema, kwani jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi.

## Mambo magumu

Amemng'ata mtoto. Tumuue?

Kwanza mtoto. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ukitazama saa. Usipake majivu, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Nenda hospitali siku hiyohiyo: Mount Meru kwa Arusha, Mawenzi au KCMC kwa Moshi, na usikatishe sindano hata kidonda kikipona. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa usimuue, hata kama mtaa mzima umekuja na mawe. Mfungie mahali salama siku kumi, umjulishe bwana mifugo. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, basi mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na daktari wa mtoto anataka kujua hilo. Kadi ya chanjo peleka nayo hospitali.

Kisha tupigie simu, uelewe kwa nini aling'ata. Mara nyingi alikuwa anakula, amelala, au ana jeraha.

Halmashauri imetangaza kuua mbwa wanaozurura. Wangu yuko salama?

Akiwa ndani ya fensi, ana kola na kadi, ndiyo. Tangazo likitoka usimwache atoke hata dakika. Kwa maoni yangu risasi ni fedha iliyopotea: ukiua mbwa kumi wengine kumi huja kula jalala lilelile, bila chanjo. Kinachokatisha kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na hilo limethibitika sehemu nyingi.

Desemba tunapanda Rombo wiki tatu. Nani atakaa naye?

Swali zuri, tena wachache huliuliza mapema. Kuanzia tarehe 20 mji unahama, na mbwa wanaachiwa mlinzi ambaye naye anataka kwenda kwao. Panga Novemba, na mtu anayemjua mbwa, na umwachie chakula badala ya ahadi ya kutuma hela. Usiku wa mwaka mpya afungiwe ndani, kwa kuwa fataki huwafanya hata watulivu waruke geti. Tarehe moja Januari simu yangu haipumziki.

Ukitaka kwenda naye, gari binafsi. Makondakta wengi watakukatalia.

Nimeshindwa. Naweza kumrudisha?

Ndiyo, na hatutakugombeza. Umesaini kwamba utamrudisha kwetu. Asiende kwa shemeji yako Kibosho, wala asiachwe Kwa Mrombo karibu na wachoma nyama "apate mabaki". Tuambie ukweli wa kilichotokea ili anayemfuata asipate kosa lilelile.

Nahamia Ulaya. Naweza kumchukua?

Unaweza, ila anza miezi mitano kabla. Umoja wa Ulaya unataka mbwa anayetoka Tanzania awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi, achanjwe kichaa baada ya chipu, achukuliwe damu ya kupima kinga siku 30 au zaidi baada ya chanjo, matokeo yafike 0.5 kwa kipimo chao, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ichukuliwe. Wanaokumbuka wiki ya mwisho ndio wanaotuletea wale shepadi niliowataja juu.

Naweza kumbadilisha jina?

Badilisha. Litaje kila unapompa chakula na atalijua kabla ya mwezi. Ombi langu ni moja: asiwe Simba. Pale kituoni ukiita Simba, wanakuja wanne.